If ya mambo yasiyo kweli: jinsi ya kuchagua umbo sahihi la Kiingereza bila kupotezwa na Kiswahili wala Kifaransa

Mtu wa Lubumbashi, Kongo, anayeanza Kiingereza huwa tayari ana lugha mbili tatu kichwani: Kiswahili cha nyumbani na sokoni, Kifaransa cha shule, na mara nyingi Kibemba, kwa sababu ya ndugu walio ng'ambo ya mpaka. Kiingereza kinakuja baadaye, na kinakuja kwa haja. Kampuni ya madini inataka kumfanyia usaili kwa Kiingereza. Dereva wa lori kutoka kusini amekwama mpakani Kasumbalesa na anataka kuelezwa kwa nini karatasi zake hazijatoka. Mnunuzi wa Ndola, Zambia, anauliza bei kwa WhatsApp. Mambo ya kila siku anayamudu. Anapoteleza ni pale anapotaka kusema jambo ambalo halipo: ningekuwa, ningejua, ningekuja.

Sentensi inayoharibika kuliko zote ni hii: "If I would have money, I would buy a truck." Maneno yote ni ya Kiingereza, lakini mifupa yake ni ya Kiswahili. Mwingereza ataelewa, hilo halina ubishi. Ila kwenye mtihani ni kosa, na kwenye barua ya kuomba kazi inakushusha.

Vitabu vingi hufundisha jambo hili kwa namba: sharti la aina ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi namba hizo sizipendi. Mwanafunzi anazikariri, anafaulu jaribio la Ijumaa, na Jumatatu anaongea vilevile kama zamani, kwa sababu hakuna anayesimama katikati ya mazungumzo kujiuliza "hii ni aina ya ngapi?" Kinachosaidia ni maswali mawili: jambo hili lipo au halipo, na ni la lini? Swali la pili linaulizwa kwa kila upande wa sentensi peke yake.

Ujue kwanza lugha zako zinakuvutia wapi

Kwa Kiswahili tunasema: "Kama ningekuwa na makuta, ningenunua lori." Kuna -nge- upande wa sharti na -nge- upande wa matokeo. Pande zote mbili zinavaa sare moja, na hapo tumemaliza. Kiingereza hakikubali hivyo: would inakaa upande wa matokeo tu, na upande wenye if unavaa kitu kingine. Kwa hiyo mkono wako unapotaka kuandika would mara mbili, ujue ni Kiswahili kinachoandika.

Jambo la pili ni zito zaidi. Vitabu vya sarufi vinatenganisha -nge- ya sasa na -ngali- ya yaliyopita. Lakini sikiliza watu wa Katuba au wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, wakiongea. "Kama ningejua, ningekuja" itasemwa kwa msiba wa mwaka jana, na pia kwa kikao kinachoendelea sasa hivi. Anayesikiliza anajua ni lini kwa sababu anajua habari yenyewe. Kiingereza hakikuachii nafasi hiyo. Kabla hujafungua mdomo unatakiwa uwe umeamua kama ni la leo au la jana, na kitenzi kitakusema.

Kifaransa hapa ni rafiki zaidi. Wengi wetu tulifundishwa darasani kwamba "les si n'aiment pas les -rais", yaani baada ya si ("kama" ya Kifaransa) usiweke j'aurais wala je serais. Ichukue sheria hiyo jinsi ilivyo uihamishie kwenye Kiingereza: if haipendi would. "Si j'avais de l'argent, j'achèterais un camion" inalala moja kwa moja juu ya "If I had money, I would buy a truck." Imparfait (j'avais) inakuwa wakati uliopita wa kawaida, conditionnel (j'achèterais) inakuwa would. Kuna mahali ambapo Kifaransa nacho kinatega, tutafika.

Swali la kwanza: lipo au halipo?

Si kila if inahitaji would. Kama jambo linaweza kutokea na wewe unaliona hivyo, ni if ya kawaida: wakati uliopo upande wa sharti, will upande wa matokeo.

Tazama mvua. Januari hapa kwetu ni katikati ya masika, na mtu anayepanga harusi anasema: "If it rains tomorrow, we will put up a tent." Mvua inawezekana kabisa. Julai ni kiangazi, anga ni kavu, vumbi jekundu limejaa kila mahali. Mtu huyohuyo akitaka kusema juu ya mvua katika mwezi huo atasema: "If it rained tomorrow, I would be very surprised." Neno tomorrow liko katika sentensi zote mbili. Kilichobadilika ni kiasi msemaji anavyoamini, na kitenzi kimerudi nyuma kutoka rains hadi rained kuonyesha hivyo.

Hapo ndipo umbo linapofichua mawazo yako. "If I get the job, I will move to Kolwezi" ni mtu mwenye matumaini. "If I got the job, I would move to Kolwezi" ni mtu anayeota tu, au anayejizuia asionekane anajivuna. Zote ni sahihi. Lakini ukimwambia mwajiri ya pili, anaweza kusikia kwamba wewe mwenyewe huamini utapata.

Katika biashara tofauti hiyo ni pesa. "If you lower the price, we will take the whole load" ni ahadi: akishusha, umechukua mzigo wote. "If you lowered the price, we could take the whole load" ni kupima maji; hujajifunga. Mnunuzi mzoefu anaanza na ya pili, na anakwenda kwenye ya kwanza anapokuwa tayari kulipa.

Swali la pili: lini? Uliza mara mbili

Kama umeamua kwamba jambo halipo, sasa angalia upande wa sharti. Ni la sasa (au la kesho, au la siku zote)? Weka if na wakati uliopita wa kawaida: had, knew, lived, went. Ni la zamani, limeshapita? Weka if, kisha had, kisha umbo la tatu la kitenzi, lile la safu ya mwisho katika orodha ya go, went, gone.

Halafu sahau upande huo, angalia matokeo. Ni ya sasa au ya kesho? Weka would na kitenzi kitupu: would buy, would be. Yameshapita? Weka would have na umbo la tatu: would have bought, would have been.

Una vipande vinne tu. Chagua kimoja cha sharti na kimoja cha matokeo, uviunganishe. Hakuna kinachokulazimisha vitoke kwenye kabati moja, na hilo ndilo mfumo wa namba unalolificha.

Mambo ya leo

"If I had a truck, I would go to Kolwezi twice a week." Had hii haina habari na jana. Kiingereza kimekirudisha kitenzi nyuma hatua moja ili kusema "siyo kweli". Ongeza neno now uone: "If I had a truck now" ni Kiingereza safi. Anayeshangaa jinsi wakati uliopita unavyoweza kukaa na now akumbuke "si j'avais un camion maintenant", ambayo haijawahi kumshangaza.

Hapa ndipo mtego wa kwanza wa Kifaransa ulipo. Kwa kuwa imparfait mara nyingi ilitafsiriwa darasani kama was na -ing, watu wanaandika "If I was having a truck" na "If I was knowing his number." Vitenzi vya hali, kama have ya kumiliki, know, want, need na understand, havivai -ing hapa. Ni "If I had", ni "If I knew". Umbo la -ing linaingia pale tu ambapo kitu kiko katikati ya kutendeka sasa hivi: "If it weren't raining, the children would be playing outside."

Kukanusha ni didn't, siyo hadn't: "If I didn't have this job, I would go back to Likasi." Mtu akisema "If I hadn't this job" anasikika kama babu wa Uingereza wa zamani sana. Siyo dhambi, lakini halifai mahali pengi.

Kuhusu be kuna jambo moja. Kwa mambo yasiyo kweli, were inakwenda na nafsi zote: if I were, if she were, if the road were better. Was utaisikia kila siku katika mazungumzo, na hakuna atakayekusimamisha. Katika barua, ripoti na mtihani andika were. Na kwa "If I were you", unapompa mtu ushauri, tumia were hata ukiwa unapiga soga. Ushauri huo, kumbuka, unapendeza kwa mtu wa rika lako. Kwa mkubwa wako kazini afadhali "Perhaps we could…", jinsi ambavyo kwa Kiswahili usingemwambia Papa mwenye mvi "ningekuwa wewe" bila kuzunguka kidogo.

Ukitaka kusema kuweza, could inakaa upande wowote. "If I could drive, I would apply" ina maana ya kama ningeweza kuendesha. "If I had a licence, I could apply" ina maana ya ningeweza kuomba. Could ndiyo pekee inayoruka ukuta namna hiyo, kwa sababu yenyewe ni umbo la nyuma la can. Might inakaa upande wa matokeo, na inasema huenda: "If they paid on time, more people might stay."

Mambo yaliyokwisha kupita

Hapa mfano mzuri hauko mbali. Desemba 2010, Mazembe, timu ya mpira ya Lubumbashi, walikuwa Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Vilabu. Waliwafunga Pachuca ya Mexico 1 kwa 0, kisha Internacional ya Brazil 2 kwa 0, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe hilo. Fainali walipoteza 3 kwa 0 mbele ya Inter Milan. Matokeo hayo hayabadiliki tena, na kwa hiyo kila "kama" inayoyahusu ni ya zamani na si ya kweli. Ni udongo mzuri wa kufinyangia.

"If Mazembe had lost to Internacional, they would not have met Inter in the final." Kupoteza hakukutokea, na muda wake umepita: had lost. Kutokutana nako hakukutokea, na muda wake umepita: would not have met.

"If Mazembe had scored first, the match would have been different." Hii kila mtu wa Kamalondo ameshaisema kwa Kiswahili.

"If Eto'o had been ill that day, Inter might not have won." Eto'o, mshambuliaji wa Inter, alifunga bao moja katika fainali hiyo, lakini hakuna anayeweza kuapa kwamba bila yeye Inter wangeshindwa, ndiyo maana ni might, siyo would. Would ni tamko. Ukiandika "Inter would not have won", jiandae kubishana.

Umbo hili ndilo linaloumiza watu zaidi, na makosa yake ni yaleyale.

La kwanza ni had had. Mwanafunzi akiiona anafikiri mwandishi amerudia neno bahati mbaya, anafuta moja. Usifute. "If I had had a passport, I would have travelled with them." Had ya kwanza ni ya kuonyesha wakati, ya pili ni umbo la tatu la have, yaani kumiliki. Weka kitenzi kingine mahali pa ile ya pili uone: "If I had found a passport." Ni jengo lilelile. Kifaransa hakina tatizo hilo kwa kuwa "si j'avais eu" ina maneno mawili yasiyofanana.

La pili ndilo ule mtego nilioahidi. Kifaransa kina vitenzi vinavyotumia être (kuwa) badala ya avoir (kuwa na): venir, partir, arriver, tomber. "Si j'étais venu hier, je t'aurais trouvé." Mtu anahamisha neno kwa neno na anapata "If I was come yesterday." Na upande wa matokeo, "je serais venu" inazaa "I would be come." Kiingereza cha leo kinatumia have peke yake kwa vitenzi vyote, vya kwenda na kurudi vikiwemo. "If I had come yesterday, I would have found you." "If you had told me, I would have come." Ukiona was au were imekaa mbele ya come, gone, arrived au fallen katika sentensi ya jana, isimamishe.

La tatu ni safu. Baada ya have na had ni safu ya tatu, siyo ya pili: would have gone, siyo would have went; had written, siyo had wrote; had eaten, siyo had ate. Hapa hakuna hekima, ni kukariri orodha. Anza na vile unavyovitumia kazini: gone, come, seen, known, paid, sent, brought, broken, written, taken.

La nne linatoka masikioni. Would have ikisemwa haraka inasikika kama "would of", na utaiona imeandikwa hivyo mitandaoni hata na wenye lugha yao. Ni kosa la tahajia. Usiliige kwa kuwa tu limetoka London.

Zamani kwa sharti, leo kwa matokeo

Sasa tuje kwenye sehemu ninayoipenda, kwa sababu hapa historia yetu wenyewe inafundisha sarufi.

Mwaka 1890 Alfred Sharpe, aliyetumwa na kampuni ya Cecil Rhodes, alifika Bunkeya kutaka Msiri, mtawala wa Katanga, atie sahihi mkataba wa kuwa chini ya Waingereza. Msiri alikataa. Mwaka uliofuata ukaja msafara wa Kapteni Stairs kwa niaba ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, na tarehe 20 Desemba 1891 Msiri akauawa karibu na Bunkeya. Katanga ikaingia kwenye dola la Leopold, na leo mtoto wa Lubumbashi anasoma shule kwa Kifaransa wakati binamu yake wa Kitwe, Zambia, anasoma kwa Kiingereza.

Iseme kwa Kiingereza. Sharti ni la 1890: kutia sahihi, jambo ambalo halikutokea na limepita. Had signed. Matokeo ni ya leo: lugha tunayosema sasa. Would be speaking, na kwa kuwa hakuna mwenye uhakika, might be speaking.

"If Msiri had signed Sharpe's treaty, we might be speaking English in Lubumbashi today."

Aliyekariri aina ya tatu ataandika "we might have been speaking English today", na sentensi inachechemea, kwa sababu might have been inavuta nyuma na today inavuta mbele. Aliyeuliza "lini?" mara mbili hawezi kukosea. Na neno kama today, now au still upande wa matokeo ni ishara kwamba pande mbili hazina wakati mmoja.

Mchanganyiko huo unakwenda pia kinyume: sharti ni hali ya siku zote, matokeo ni ya zamani. "If we lived on the other side of the border, we would have learned English in primary school." Tunaishi upande huu jana, leo na kesho, kwa hiyo ni lived. Shule ya msingi imepita, kwa hiyo ni would have learned.

Huu wa pili watu wanausahau, na kwenye usaili unatokea mara nyingi. "If I were afraid of underground work, I would not have applied." Woga ni tabia, upo au haupo leo. Kuomba kazi kumeshatendeka. Ukisema "If I had been afraid" unamfanya mwenye kampuni ajiulize kama woga ulikuwepo wiki iliyopita na sasa umekwisha.

Kwenye usaili, fuata umbo la swali

Mhoji akiuliza "What would you do if a worker refused to wear his helmet?", jibu linaanza na I would: "I would stop him and explain the rule. If he still refused, I would call the supervisor." Wengi wanaanza vizuri na would, na kwenye sentensi ya pili wanahamia will. Kaa kwenye barabara uliyoingilia hadi mwisho wa jibu.

Akiuliza "What would you have done differently?", sikia ile have done. Anauliza juu ya jambo lililopita, pengine hitilafu uliyomsimulia dakika chache kabla. Jibu ni "I would have checked the pump first", siyo "I would check". Kosa hapa siyo la sarufi tu, kwa sababu I would check inajibu swali ambalo hakuuliza.

Ile 'd ndogo

Katika maongezi would na had zote mbili zinakatwa kuwa 'd. "If I'd known, I'd have told you" ina mbili, na siyo ndugu. Tazama kinachofuata. Umbo la tatu likifuata, ni had: I'd known. Kitenzi kitupu au have kikifuata, ni would: I'd have told, I'd tell. Ukiandika barua rasmi ziandike kwa urefu, utaona makosa yako mwenyewe kabla hujaituma.

Wish, if only na jamaa zake

Zinafuata sheria ileile ya upande wa sharti, kwa hiyo hazihitaji maelezo mengi. Majuto ya leo: "I wish I spoke better English." Majuto ya jana: "I wish I had studied it earlier." If only ni hizohizo kwa uchungu zaidi. Would inaingia baada ya wish pale tu unapolalamikia tabia ya mtu mwingine au kitu: "I wish they would repair this road." Na usichanganye wish na hope. Mtihani wa mwanao ukiwa kesho, ni "I hope he passes", kwa sababu bado inawezekana.

"It's time we left" na "I'd rather you came on Monday" nazo zinarudisha kitenzi nyuma bila kuzungumzia jana. Ya pili ni ya adabu sana, inafaa kumwambia mteja.

If bila if, na kesi chache za pembeni

Katika maandishi rasmi utakutana na "Had we known about the new tax, we would have waited." Ni "If we had known" iliyotolewa if na kugeuzwa. Uitambue unaposoma mikataba na barua za makampuni; kuiandika wewe mwenyewe si lazima. "Were the border to close tomorrow" ni jambo la kesho ambalo msemaji analiona liko mbali sana. Ila "Should you need more information" siyo ya mambo yasiyo kweli hata kidogo, ni heshima tu ya mwisho wa barua.

Unless iache kwa mambo yanayowezekana. Kwa yasiyo kweli andika if na not: "If he weren't so stubborn, I would help him." Na ile "bila yeye" tunayoipenda ina umbo lake: "If it weren't for my sister, I would be sleeping outside" kwa leo, "If it hadn't been for my sister, I would have failed" kwa jana.

Na je, would inaweza kabisa kukaa baada ya if? Ndiyo, inapokuwa na maana ya kukubali au ya ombi la adabu: "If you would sign here, please." Hiyo si sharti, ni kumwomba mtu. Wamarekani wengi pia husema "If I would have known" wakizungumza. Utaisikia kwenye filamu. Mtu anayesahihisha mtihani hataipokea, na mimi nikiwa wewe nisingeitumia mahali popote penye karatasi.

Koma ni rahisi: if ikitangulia, weka koma kati ya pande mbili, if ikija nyuma, usiweke.

Jaribu na hizi

Chukua Kiswahili cha kawaida, uliza maswali, kisha uandike.

Ndugu yako amefika uwanja wa ndege wa Luano asubuhi, akapanda teksi kwa bei ya kunyongwa, na jioni unamwambia: "Kama ungenipigia, ningekuja kukuchukua." Kupiga simu kumepita, kuja nako kumepita. "If you had called me, I would have come to pick you up."

"Kama nisingekuwa na watoto, ningehamia Kitwe." Watoto wapo leo, kuhama ni kwa leo au kesho. "If I didn't have children, I would move to Kitwe." Siyo "if I wasn't having".

"Kama ningesomea umeme, ningekuwa na kazi mgodini." Masomo yamepita, kazi ni ya sasa. "If I had studied electricity, I would have a job at the mine." Angalia would have hapa: have ni ya kumiliki, haikufuatwa na umbo la tatu.

Ya mwisho ina majibu mawili. Mtu fulani ametia sahihi mkataba mbaya, na watu wanasema: "Kama angekuwa mwangalifu, asingetia sahihi." Kutia sahihi kumepita, hilo halina shaka: he wouldn't have signed. Lakini uangalifu ni wa lini? "If he were careful, he wouldn't have signed" inamhukumu mtu mwenyewe, kwamba ndivyo alivyo siku zote. "If he had been careful, he wouldn't have signed" inalaumu siku ile tu, pengine alikuwa amechoka, au alikuwa na haraka ya kuwahi mpaka kabla haujafungwa. Kiswahili chetu kinaacha mambo hayo mawili yakae pamoja, na msikilizaji anachagua. Kwa Kiingereza, anayechagua ni wewe, na kama mtu huyo ni bosi wako, chagua ya pili.